Dawa ya mtoto isiingie bwenini bila karatasi

Kila Septemba tunaona jambo lile lile mbele ya lango la shule zetu za bweni. Mzazi anashusha godoro, sanduku, ndoo, sabuni na mfuko wa unga. Msimamizi anahesabu vitu na kuweka alama kwenye orodha. Pesa za internati zinalipwa, mtoto anaingia, na mzazi anapanda pikipiki kurudi nyumbani. Lakini mara nyingi kuna kitu kimoja ambacho hakikuonyeshwa kwa mtu yeyote: kifuko cha dawa kilichofungwa ndani ya nguo, chini kabisa ya sanduku.

Sisi tunaotembelea internati za makanisa yetu mashariki mwa Congo tunaulizwa sana juu ya jambo hili, na wazazi na walezi pia. Ndiyo maana tunaandika, na tunaanza na kisa tulichokiona.

Msichana wa miaka 13 aliletwa kuanza sekondari. Alikuwa na kifafa, lakini kwa muda mrefu hakuwa ameanguka, kwa sababu nyumbani alimeza fenobarbitali kila jioni. Mama yake aliogopa kwamba akisema ukweli, shule itamkataa mtoto. Akamwambia ameze kwa siri. Juma la pili, mama mlezi alikagua masanduku akakuta vidonge vyeupe bila pakiti wala jina. Akavitupa. Mtoto aliogopa kujieleza. Siku chache baadaye alianguka wakati wa ibada ya asubuhi, na kabla ya adhuhuri akaanguka tena na tena. Wanafunzi wengine walikimbia, wakidhani povu la mdomoni linaambukiza. Wengine walisema ni pepo. Aliombewa karibu saa nzima kabla mtu hajatafuta pikipiki ya kumpeleka kwenye kituo cha afya.

Tunamshukuru Mungu, alipona. Lakini hakurudi katika shule ile, na mwaka wake wa masomo ulipotea. Katika kisa hiki hakuna aliyemtakia mabaya. Mama alitaka mtoto asome. Mama mlezi alitaka bweni lisiwe na vidonge visivyojulikana, na hapo alikuwa na haki. Kilichokosekana ni karatasi moja, na mtu mmoja wa kuipokea.

Mzazi aandike nini?

Karatasi hiyo si lazima iwe ndefu. Iwe na jina la mtoto, umri na uzito wake. Jina la dawa, kiasi anachomeza, na saa anayomeza. Dawa au chakula kinachomdhuru. Na namba mbili za simu, ya mzazi na ya ndugu anayeishi karibu na shule. Mzazi aliye Shabunda hawezi kufika Bukavu usiku mmoja, hata akipigiwa simu. Kwa hiyo aandike pia, na kutia sahihi, kwamba shule ina ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali bila kumngojea.

Dawa zenyewe ziletwe katika pakiti yake, pamoja na ordonansi ya muuguzi au daktari. Kidonge kilichofungwa katika kipande cha daftari hakina jina wala tarehe ya mwisho, na mlezi hawezi kukitofautisha na kingine. Mzazi ahesabu pia kama dawa itatosha mpaka mwisho wa muhula. Kwa mtoto wa kifafa jambo hili ni zito: dawa ikikatwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Ndicho kilichompata msichana yule.

Shule ifanye nini?

Kwanza, ichague mtu mmoja wa dawa, na mwingine wa kumsaidia anapokuwa safarini. Pale ambapo kila mwalimu anagawa dawa, mtoto anaweza kupewa mara mbili, au asipewe kabisa kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake amempa.

Pili, liwepo sanduku lenye kufuli, mahali pakavu, mbali na jua na joto la jikoni. Dawa za kila mtoto ziwe katika mfuko wake wenye jina. Mtoto mmoja asipewe dawa iliyobaki kwa mwingine, hata kama kikohozi kinafanana.

Tatu, liwepo daftari. Kila mara dawa inapotolewa, yaandikwe tarehe, saa, jina la mtoto, dawa, kiasi, na sahihi ya aliyetoa. Mtoto ameze mbele ya mlezi, na maji. Daftari hili linamlinda mtoto na linamlinda mlezi pia, maana siku mzazi akiuliza, jibu lipo.

Nne, mtoto apimwe uzito. Parasetamoli ya mtoto huhesabiwa kwa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 20 hawezi kupewa kidonge kizima cha miligramu 500 kama kaka yake mkubwa.

Magonjwa manne ya kujua

Malaria ndiyo inayotusumbua zaidi. Homa isitibiwe kwa kukisia. Mtoto apelekwe kwenye kituo cha afya apimwe damu. Akipewa artemeta-lumefantrini, kwa kawaida anameza mara sita ndani ya siku tatu. Imezwe baada ya chakula, na chakula chenye mafuta kidogo, kama karanga, kinaisaidia dawa kuingia mwilini. Kosa tunaloliona sana ni hili: siku ya pili homa inashuka, mtoto anarudi uwanjani kucheza mpira, na vidonge vinavyobaki vinasahauliwa. Vyote vimezwe. Na mtoto akianza kushtuka mwili, akipoteza fahamu, akishindwa kunywa, au mkojo ukiwa mweusi, asingojee asubuhi.

Mtoto mwenye asima abaki na pampu yake ya salbutamoli mwilini mwake, mfukoni au ndani ya begi. Hii ndiyo dawa isiyofaa kufungiwa. Tumekuta bweni ambako pampu ilikuwa salama ndani ya kabati, na ufunguo umekwenda sokoni na mama mlezi.

Mtoto mwenye drepanositozi, wale tunaowaita SS, ana dawa zake za kila siku, lakini ulinzi wake mkubwa uko katika ratiba ya bweni. Anywe maji mengi. Asilazimishwe kuoga maji baridi alfajiri wala kubeba mizigo ya salongo kama wengine. Akiwa na homa, ni jambo la haraka. Akilia kwa maumivu ya mifupa, si mvivu.

Mtoto wa kifafa akianguka, aondolewe vitu vya kumwumiza, alazwe ubavu, na mtu atazame saa. Asiwekewe kijiko wala kitambaa mdomoni. Kifafa hakiambukizi. Shambulio likizidi dakika tano, au likifuatwa na jingine kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja.

Siri ya mtoto

Wazazi wengine wanatuambia: tukiandika, bweni zima litajua. Hofu hiyo si ya bure, hasa kwa watoto wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Lakini karatasi haihitaji kutaja ugonjwa. Maneno haya yanatosha: kidonge kimoja kila siku, saa mbili za usiku, kisikose. Anayejua zaidi awe mmoja tu, yule aliyechaguliwa, naye asimwambie hata mke wake. Dawa hiyo isitolewe mbele ya foleni ya wanafunzi. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi hivyo katika nchi yetu, na inakataza ubaguzi juu yao. Shule inayomfukuza mtoto kwa sababu hiyo inavunja sheria, na inawafundisha wazazi wote wanaofuata kuficha.

Kwa hiyo tunawaambia wakuu wa shule: ukweli wa mzazi utategemea namna mnavyoupokea. Mkimwuliza mbele ya watu, atasema mtoto hana ugonjwa. Mkimwita pembeni, mkamwambia kwanza kwamba mtoto hatakataliwa, atafungua sanduku mwenyewe.

Maombi na dawa

Kumwombea mtoto mgonjwa ni kazi yetu, wala hatutaiacha. Lakini anaweza kuombewa akiwa njiani kwenda kituo cha afya. Kanisa letu halijawahi kutenga mambo haya mawili: Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanza mwaka 1999, ni kazi ya jumuiya ya CEPAC. Na yule Msamaria wa Luka 10 alitibu majeraha kwanza, kisha akamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akaacha pesa, akaahidi kurudi. Alimkabidhi mtu kwa mtu, uso kwa uso.

Wapendwa wazazi, mtakapowaleta watoto muhula ujao, msiondoke langoni kabla hamjafanya hivyo. Nanyi walezi, msipokee godoro na ndoo tu. Ulizeni: mtoto huyu anameza nini, na saa ngapi? Kisha andikeni jibu.