Tiba Isiyomfikia Mgonjwa

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyetufunza katika Hija ya Kuaga kwamba rangi haimpi mtu ubora juu ya mwenzake ila kwa uchamungu.

Ndugu Waislamu, tuyatazame mafunzo hayo kupitia maradhi ya saratani nchini Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viwango vya vifo vya saratani ya matiti kwa wanawake weusi na weupe nchini humo vilikaribiana. Kisha eksirei ya kugundua uvimbe mapema ikaenea, pamoja na dawa ya tamoksifeni, iliyoidhinishwa mwaka 1977. Vifo vya weupe vikapungua upesi, vya weusi vikachelewa. Leo wanawake weusi hupatwa na maradhi hayo kwa kiwango kidogo kuliko weupe, ilhali kiwango chao cha vifo kimezidi kwa takriban asilimia 40.

Ni kweli ipo aina ya uvimbe isiyosikia tamoksifeni, nayo huwapata zaidi weusi. Lakini hata kwa uvimbe unaosikia dawa hiyo, weusi hufa zaidi. Wengi hukosa bima, wakachelewa kupimwa na kutibiwa.

Atakayesema hiyo ni kadari tu, na alitazame jimbo la Delaware. Huko serikali iliwalipia wasio na bima kipimo cha saratani ya utumbo mpana, ikaweka wauguzi wa kuwaongoza, na ikagharimia matibabu ya waliokutwa nayo. Kati ya mwaka 2002 na 2009, weusi waliopimwa waliongezeka kutoka asilimia 48 hadi 74, sawa na weupe. Vifo vyao vikapungua kwa asilimia 42, vikakaribia kulingana na vya weupe.

Kuamini kadari ni nguzo ya imani, wala hakuhalalishi dhulma. Imam Ghazali aliihesabu elimu ya tiba kuwa faradhi ya kutosheleza, ambayo jamii nzima hupata dhambi ikiachwa. Je, faradhi hiyo imetekelezwa ikiwa dawa imo ghalani na mgonjwa anafia mlangoni?

Nasi tujiulize hapa petu. Msikiti unaochangia sanda ya maiti, na uchangie pia nauli na gharama za kipimo cha jirani angali hai.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie uadilifu. Amin.