Kila Diski na Buti Yake

Wasee, ka mashine yako iko na diski mbili ama tatu, usikubali zote zitegemee patisheni moja ya kubuti. Hapo ndio mashine mob za mtaa hugomea.

Cheki vile huwa inaenda. Msee anashuka Luthuli Avenue, anatoka na kompyuta ya mtumba iko na diski mzee ya kuzunguka. Akipata ganji anaongeza SSD, anaweka Windows hapo, mashine inawaka chap chap. Baadaye ile diski mzee inadedi, ama anaamua kuuzia beshte. Akiwasha: giza. Mashine inasema haioni kitu ya kubuti, na Windows yake yote bado iko kwa SSD, haijaguswa!

Maze, hiyo si uchawi. Mashine za sai zinatumia UEFI. Ukiwasha, kwanza inatafuta kapatisheni kadogo kanaitwa EFI, ka FAT32, kenye Windows hukapea megabaiti 100 hivi. Hapo ndio faili za kuamsha mfumo zinaishi. Sasa Windows ikiingia ipate kuna EFI tayari kwa diski ingine, inaeza tupa faili zake huko, hata ka we ulichagua SSD. Ubuntu pia imechomea wasee hivyo miaka mob. Nyumba iko huku, ufunguo uko kwa jirani.

Dawa ni rahisi. Kabla uweke mfumo, zima mashine, toa waya ya stima, chomoa diski zingine zote, uache tu ile unataka. Ka kuchomoa ni ngumu, ingia BIOS uone ka inakubali kuzima poti za hizo diski zingine. Mfumo ukishaingia, rudisha zingine. Siku unataka kubuti diski ingine, gonga F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP.

Diski ipange na mtindo wa GPT. Ule mzee, MBR, ni wa 1983, na kwa diski za kawaida inaishia terabaiti 2, patisheni kuu nne pekee. Na we wa Linux, ipe EFI angalau megabaiti 512, alafu kwa faili ya fstab andika UUID ya patisheni. Majina ka sda na sdb yanaeza badilishana ukiongeza diski, mfumo uanze kutafutwa penye hauko.

Ka ushanaswa tayari, usifute kitu. Rudisha diski mzee ka bado inapumua, tengeneza EFI mpya kwa SSD, alafu komandi ya Windows, bcdboot, itakuandikia faili za kubuti hapo. Lakini najua wasee wanaokula kupitia hizi mashine, wa biti, wa kuedit video za harusi, wa projekti za chuo. Kwa hivyo kabla uguse patisheni yoyote, kopi kazi yako yote kwa diski ya nje, ichomoe, uiweke mbali.