Picha ya Gazeti Hainunui Unga: Mwanasoka, Klabu Yake na Waandishi wa Habari

Jioni ya mechi katika Uwanja wa Kyabazinga ulioko Bugembe, karibu na mji wa Jinja, mshambuliaji aliyefunga bao la ushindi hubebwa mabegani. Kesho yake jina lake hutajwa redioni na picha yake huonekana gazetini. Lakini nyumbani mkewe huwa na swali ambalo picha hiyo haiwezi kulijibu: je, mshahara wa mwezi uliopita umelipwa?

Zamani swali hilo halikuwa zito kama lilivyo leo. Katika miaka ya 1970 klabu nyingi za Uganda zilikuwa za idara na viwanda. Simba ilikuwa timu ya jeshi, nayo mwaka 1972 ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Barani Afrika, ikashindwa na Hafia ya Guinea. Pale Jinja, kiwanda cha nguo cha Nytil kilikuwa na timu yake. Mchezaji alikuwa kwanza askari au mfanyakazi, kisha mwanasoka. Mguu ukivunjika, alikuwa na kazi ya kurudia na familia yake ilikuwa na mahali pa kutegemea.

Siku hizi vijana wengi hawana kazi nyingine ila mpira. Wengine hufanikiwa. Geoffrey Massa, aliyezaliwa Jinja mwaka 1986, aliichezea timu ya Polisi kabla ya kwenda Misri kujiunga na Al-Masry. Tarehe 4 Septemba 2016 alikuwa nahodha wa timu ya taifa iliyoifunga Comoro bao 1-0, na Uganda ikapata nafasi ya kwenda fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978. Kila kijana wa Jinja anayepiga mpira wa matambara huwaza njia hiyo. Wachache ndio huifikia.

Ukitoka Jinja kupitia Iganga na Tirinyi, hufika Mbale, chini ya mlima Wanale. Mji huo nao una historia yake. Gangama United ilitwaa Kombe la Uganda mwaka 1976, na Mbale Heroes ikalitwaa tena mwaka 1999. Hata hivyo, kombe huwekwa kabatini, nao wachezaji hutawanyika. Mwenye mkataba mzuri huondoka na haki yake. Asiye nao huondoka na kumbukumbu tu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ugomvi wa fedha haupatikani katika klabu ndogo peke yake. Mwezi Julai 2019, wakati wa fainali za Afrika nchini Misri, wachezaji wa timu ya taifa walikataa kufanya mazoezi kwa sababu ya marupurupu, siku chache kabla ya kukutana na Senegal. Shirikisho la mpira, FUFA, lilitangaza kwamba kila mchezaji alikwisha kulipwa dola 14,900. Hatimaye pande zote mbili zilipatana na fedha zikaongezwa. Tarehe 5 Julai Uganda ilifungwa bao 1-0 na kurudi nyumbani. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba ugomvi ndio uliofunga bao lile. Lakini ni wazi kwamba hesabu ambayo ingemalizwa mezani kabla ya safari ilisomwa na dunia nzima magazetini.

Hapo ndipo waandishi wa habari wanapoingia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: kijana anayesifiwa kila wiki huanza kuchelewa mazoezini, na siku akikosa penalti kalamu ile ile iliyompamba humchoma. Mwandishi mwema husikiliza pande zote mbili kabla ya kuandika. Kiongozi mwema hamwaibishi mchezaji wake gazetini. Naye mchezaji mwenye busara hupeleka madai yake kwanza kwa nahodha na viongozi wa klabu, kwa maandishi, kisha kwa shirikisho.

Kanuni za Shirikisho la Mpira Duniani, FIFA, zipo za kumlinda. Mkataba wa mchezaji huwa hauzidi miaka mitano, na wa kijana aliye chini ya miaka 18 hauzidi mitatu. Tangu mwaka 2018, klabu ikikosa kihalifu kulipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuidai kwa barua na kuipa muda wa siku 15. Muda huo ukipita bila malipo, ana haki ya kuvunja mkataba. Lakini kanuni hizo hazimsaidii asiye na karatasi ya kuonyesha.

Kwa hiyo wazazi walioko kambini au mtaani, kijana wao anapoitwa na klabu, wasiridhike na kupeana mikono. Waombe mkataba, wausome pamoja naye, waulize ni nani atakayelipa matibabu akiumia, nao wabaki na nakala yake. Makofi ya uwanjani huisha jua likitua. Karatasi iliyotiwa sahihi ndiyo itakayosema kwa niaba ya mtoto wao siku uwanja utakapokuwa kimya.