Kikuba ni cha Pua, Taji ni la Jicho

Picha niliyomtumia mama ilikuwa ya furaha tupu. Nimesimama kwenye uwanja wa majani hapa Uppsala, Uswidi, saa moja jioni na jua bado liko juu kama la saa kumi na moja jioni kwetu Mombasa, na kichwani nimevaa mduara wa maua meupe, ya buluu na ya njano niliousuka kwa mikono yangu mwenyewe. Jibu lake lilikuja kwa sauti, sekunde nne tu: "Mwanangu, nani amekufa?"

Hakuwa akitania. Kwa watu wa rika lake kule Mji wa Kale, maua yaliyofungwa mduara ni shada, na shada wameliona kwenye televisheni, mkubwa fulani akiliweka juu ya kaburi huku bendi ya jeshi ikipiga. Mduara huo huo kichwani mwa mtu mzima anayecheka unahitaji maelezo. Nimeyatoa kwa simu mara tatu sasa, kwa mama, kwa shangazi na kwa binamu aliyeko Muscat, kwa hiyo leo nayaandika.

Picha ile ni ya sikukuu ya Waswidi ya midsommar, kilele cha kiangazi. Zamani mkesha wake ulikuwa tarehe 23 Juni, usiku wa kuamkia sikukuu ya kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji. Tangu 1953 mkesha umehamishiwa Ijumaa inayoangukia kati ya tarehe 19 na 25. Siku hizo hapa Uppsala jua huchomoza kama saa tisa na nusu alfajiri na kuzama saa nne usiku ikiwa imepita, na hata likizama giza halikamiliki. Aliyepitisha Desemba hapa, jua linapochungulia kwa muda usiofika saa sita na kurudi zake, haulizi kwa nini watu wazima wenye kazi za heshima wanacheza kuzunguka nguzo iliyovikwa majani, wakirukaruka kama vyura. Wana hata wimbo wa vyura wenyewe. Nimeruka nao.

Nguzo ndiyo kitovu cha sherehe, lakini taji ndilo linalovaliwa. Na nyuma yake kuna imani ambazo maduka ya zawadi hayazitaji. Wazee wa vijijini waliamini kwamba usiku ule mimea ina nguvu isiyokuwa nayo siku nyingine yoyote ya mwaka. Msichana aliyetaka kumjua mumewe wa baadaye alitoka peke yake, akachuma maua ya aina saba, kwingine tisa, bila kutamka neno hata moja, akayaweka chini ya mto na kulala. Atakayemwona ndotoni ndiye. Na mashada ya usiku ule hayakutupwa. Yalikaushwa na kutunzwa mpaka Krismasi, kisha yakatiwa kwenye maji ya kuoga ili familia ipite baridi salama. Niliposikia hilo nilimkumbuka bibi yangu, aliyekuwa akimfunga mtoto mchanga mvuje mkononi asipatwe na kijicho. Asingewashangaa watu hawa hata kidogo. Angeuliza tu wanachanganya na nini.

Wala swali la mama halikuwa la kuchekesha tu. Maua ya kichwani na maua ya kaburini ni ndugu wa tangu zamani. Kaburi la Farao Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, halafu majeneza yake yakafunuliwa moja baada ya jingine katika miaka iliyofuata, vilikutwa vito na dhahabu, lakini pia maua makavu: mashada yaliyofungwa kwa ustadi, yenye majani ya mzeituni na maua madogo ya buluu. Yalikuwa yamekaa gizani zaidi ya miaka 3,200. Wataalamu wa mimea waliyatumia kukisia majira ya mazishi, yaani Machi au Aprili, kwa kuwa ndipo maua hayo huchanua kule Misri. Ua hilo la buluu ni jamaa wa karibu wa lile ambalo Waswidi huliita blåklint, nami nililiweka kwenye taji langu bila kujua ukoo wake.

Sasa namna linavyotengenezwa. Mwalimu wangu ni jirani, mama mtu mzima, na kwa kuwa hapa hakuna shikamoo namwita kwa jina lake tupu kama mwenzangu. Miaka sita na ulimi bado unanikwama. Taji langu la kwanza nililifanya kabla ya kumjua, kwa kuangalia video. Nilichuma saa sita mchana juani, nikayafunga maua papo hapo, nikalivaa. Kufikia saa nane lilikuwa limenyongea kama mchicha uliosahaulika jikoni.

Kosa lilikuwa maji. Maua huchumwa asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, vikonyo vikiwa virefu kama kiganja au kuzidi. Majani ya chini hupukutishwa, kisha maua husimamishwa ndoo ya maji kwa saa mbili tatu mahali penye baridi. Yanakunywa mpaka yanashiba, maana ukishayafunga hayatakunywa tena. Kuchuma kwenyewe ni bure: sheria ya hapa inampa kila mtu haki ya kupita maporini na kuchuma maua ya mwituni, ila yale yanayolindwa, kama okidi zote, huruhusiwi hata moja. Bustani ya mtu nayo, bila shaka, ni ya mtu. Lupini za rangi ya zambarau zilizojaa kandokando ya barabara chuma upendavyo. Zililetwa kutoka Amerika ya Kaskazini, zimetoroka bustanini na sasa zinaisonga mimea ya asili. Cha kuogopa ni jätteloka: mmea mrefu kumpita mtu, wenye miavuli ya maua meupe inayofanana na ya hundkäx, ambalo ni ua lisilo na neno na hujaza nusu ya kila taji. Utomvu wa jätteloka ukigusa ngozi kisha jua likapiga, unatokwa na malengelenge kama ya maji moto.

Mfupa wa taji ni vijiti vyembamba vya mti wa björk, ule wenye gome jeupe, vikiwa na majani yake. Unavipinda, unavizungusha kichwani kupima, unaacha nafasi ya kidole kimoja kwa sababu maua yatakula upana, kisha unavifunga. Kutoka hapo ni kurudia jambo moja. Unashika kifungu kidogo cha maua matatu au manne pamoja na jani, unakilaza juu ya kijiti, unazungusha uzi mara mbili kwa nguvu. Kifungu kinachofuata kinalazwa ili vichwa vyake vifunike vikonyo vya kilichotangulia, kama makuti yanavyolazwa kwenye paa. Uzi haukatwi mpaka mwisho, na mwelekeo haubadilishwi. Kifungu cha mwisho kinaingizwa vikonyo chini ya vichwa vya kile cha kwanza, na hapo ndipo mkono wa mjuzi unapojulikana, kwa kuwa taji zuri halionyeshi lilikoanzia. Mabaya yote niliyoyaona yana mlango.

Kuna wanaosuka bila kijiti, ua kwa ua, kikonyo cha hili kikizunguka shingo ya lile, kama mtu anavyosuka mkeka wa ukindu. Linapendeza na ni jepesi. Kwa kichwa kisichotulia, chagua kijiti.

Nilipofika kifungu cha tano jirani yangu alinitazama mikono. Akaniuliza nimejifunza wapi kuvuta uzi kwa kidole gumba namna ile. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mikono yangu haikuwa ikijifunza kitu. Ilikuwa ikifunga kikuba.

Kwa wasomaji waliozaliwa huku na hawajawahi kukiona: kikuba ni kifungu kidogo cha maua na majani yanayonukia, anachobandika mwanamke kwenye nywele au kifuani chini ya buibui. Ndani yake mna rehani, asumini, petali za waridi, vipande vya mkadi, na langilangi au kilua vikipatikana. Kila nyumba ina kipimo chake, na wengine humalizia kwa tone la marashi. Koja ni jambo jingine: hilo ni asumini tupu iliyotungwa kwa sindano na uzi, la kuzungushia kishungi cha nywele au shingo ya bibi harusi. Angalia vitenzi vyetu. Kikuba hufungwa, mkeka husukwa, asumini hutungwa, na hicho cha mwisho ndicho tunachokitumia pia kwa mashairi na shanga. Bibi alikuwa akitunga barazani baada ya alasiri, sinia mapajani, asumini zikiwa chini ya kitambaa kibichi, na aliyetaka mazungumzo alipewa kwanza sindano.

Kwa hiyo kazi ya vidole ni moja, ila ukiuliza ua linatakiwa kufanya nini, pwani na kaskazini wanaachana kabisa. Asumini huchumwa ikiwa tumba, haijafunguka. Ukiitunga jioni, inafunguka usiku ikiwa tayari kichwani, na joto la nywele linaisaidia kutoa harufu. Usiku wa harusi koja liko kwenye ubora wake saa nne, tena chini ya mtandio, ambapo halionekani na mtu. Mtu hulijua kwa kupita karibu. Taji la Kiswidi ni kinyume chake: maua yamefunguka kabisa tangu asubuhi, yanawekwa juu ya paji la uso yaonwe toka ng'ambo ya uwanja, na kuanzia pale yalipofungwa yanaelekea kufa. Halinukii, au linanukia kidogo, ubichi wa majani. Mama nilipomweleza yote haya aliuliza swali moja tu: "Linanukia nini?" Nikasema majani. Akanyamaza, kisha akasema basi ni mapambo. Alilitamka neno hilo kama anavyosema "chai ya mkandaa" kwa chai isiyo na maziwa: si tusi, lakini kuna kitu hakijatiwa.

Yapo maelezo ya kimaumbile pia. Ua linalochanua usiku haliwezi kuwaita wadudu kwa rangi, linawaita kwa harufu na weupe. Nchi ambayo usiku wake wa Juni hauingii giza ina maua mengi yanayoita kwa rangi, mchana. Nadhani pua zetu zilifundishwa na nondo, macho yao na nyuki.

Na hapa Uppsala palikuwa na mtu aliyeijua tofauti hiyo. Carl Linnaeus, aliyefundisha chuo kikuu cha mji huu katika karne ya 18, alitunza bustani ambayo bado ipo, iliyoanzishwa na Olof Rudbeck mwaka 1655. Naipita nikienda kazini. Linnaeus alifuatilia saa ambazo kila ua hufunguka na kufumba, akapendekeza mwaka 1751 kwamba mtu angeweza kusoma saa kwa bustani. Miaka miwili baadaye, katika kitabu chake kikubwa cha kuipa mimea majina, aliingiza asumini yetu. Aliiita Nyctanthes sambac. Neno la kwanza ni la Kigiriki, maana yake ua la usiku. La pili linatokana na zanbaq la Kiarabu. Mwaka 1789 William Aiton wa Uingereza aliihamishia kwenye jenasi ya Jasminum, na kisayansi hakukosea, lakini lile jina la kwanza lingemfurahisha bibi. Asumini yenyewe asili yake ni Asia ya Kusini, na ilifika kwetu kwa bahari, kama lilivyofika jina lake kutoka Uajemi na Uarabuni. Langilangi nayo ni ya kusini-mashariki mwa Asia, ingawa Wangazija wameifanya yao. Kilua ndicho mwenyeji hasa, mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na mtaalamu Bernard Verdcourt alipoupatia jina la kisayansi mwaka 1970 hakwenda mbali: Mkilua fragrans. Jenasi nzima ina jina la Kiswahili, na ina aina hiyo moja tu.

Nina chungu cha asumini dirishani. Kwa baridi ya hapa hunipa maua machache. Mwaka huu nilitia matumba matatu katikati ya blåklint na prästkrage, ua jeupe lenye moyo wa njano ambalo jina lake maana yake ni ukosi wa kasisi. Mpaka saa tatu usiku yalikuwa yamefunguka, na mtoto wa jirani alikuwa akinizunguka akinusa kichwa changu, akitafuta peremende.

Lile taji nililitundika kwenye msumari jikoni. Maua yalipauka, asumini zikawa kahawia siku ya pili. Lakini wiki ilipokwisha niliingia jikoni asubuhi nikakuta harufu tamu, kama vanila iliyochanganyika na nyasi kavu. Jirani aliliangalia akanionyesha: kwenye majani niliyochuma kulikuwa na vårbrodd, nyasi nyembamba ya malishoni ambayo mbichi hainukii sana, ila ikikauka hutoa kumarini, na ndiyo inayofanya nyasi za ghalani kunukia vile. Nilimpigia mama, nikamwambia sasa linanukia. Akasema nimpelekee kidogo kwenye bahasha, akatie kwenye kikapu cha kanga.