Brokoli ya mvuke haitaki magadi

Brokoli ya mvuke huiva Iguhu, kaunti ya Kakamega, kwa dakika sita hivi. Vinavyohitajika ni sufuria yenye mfuniko, maji ya kina cha vidole viwili, kitu cha kuinulia mboga isiguse maji, na mpishi asiyeondoka jikoni. Magadi hayamo. Munyu wa majivu haumo. Bikaboneti ya soda inayouzwa dukani nayo haimo. Hata hivyo, kila brokoli inapotajwa mbele ya wapishi wa eneo hilo la Ikolomani, swali ni lile lile: magadi yawekwe kiasi gani ili mboga ibaki kijani? Kijiko kizima au ncha ya kijiko? Ndani ya maji au juu ya mboga yenyewe? Swali hilo limeulizwa mara nyingi kupita kiasi, na hakuna kipimo kinachoweza kulijibu, kwa sababu msingi wake ni mbovu.

Kwanza, magadi ya ndani ya maji. Magadi ni madini, na madini hayapandi na mvuke. Maji yanapochemka, kinachopaa ni maji matupu. Kilichoyeyuka ndani yake hubaki chini. Yeyote aliyewahi kusahau maji ya chumvi jikoni hadi yakakauka ameuona ukoko mweupe ulioganda kwenye kitako cha sufuria. Ukoko huo ndio chumvi yenyewe, haikwenda popote. Magadi hufanya vivyo hivyo. Anayetia kijiko cha magadi chini ya chujio la mboga anaitibu sufuria, na brokoli iliyo juu haifikiwi na chochote, isipokuwa maji yachemke kwa fujo hadi yairukie, na hapo mboga imekwisha kuacha kupikwa kwa mvuke. Ndivyo ilivyo pia kwa chumvi ya kawaida: ikitiwa kwenye maji ya chini imepotea bure. Mahali pake ni juu ya mboga ikishaiva.

Baadhi, wakishaelezwa hivyo, hunyunyiza magadi moja kwa moja kwenye mboga, au huacha mvuke kabisa na kuitokosa brokoli ndani ya maji ya magadi. Hapo magadi hufanya kazi kweli, na kazi yenyewe ni uharibifu. Sufuria mbili zikitengwa pamoja, moja ya maji matupu na nyingine yenye nusu kijiko cha chai cha magadi, tofauti huonekana mapema. Brokoli ya magadi inang'aa kijani kikali, lakini maji yake nayo yamegeuka kijani, na kijani hicho cha maji kimetoka kwenye mboga. Kishada kikibanwa kati ya vidole viwili, vijichwa vyake vya maua vinaponyoka na kuacha utelezi kwenye ngozi. Shina linabonyea kama sabuni iliyolala majini, na ladha yake haiko mbali na hiyo sabuni. Kishada cha sufuria ya maji matupu kinasimama wima, na kisu kinapenya shina kwa ukinzani kidogo. Kabichi na koliflawa zikifanyiwa jaribio hilo hilo huonyesha jambo jingine: weupe wao hugeuka manjano, kwa kuwa rangi nyingine za mimea, zile zisizoonekana katika hali ya kawaida, hubadilika zikikutana na magadi.

Sababu inaeleweka vizuri. Klorofili, rangi ya kijani ya majani, imeshikilia chembe ya magnesiamu katikati yake. Joto likipasua seli za mboga, asidi iliyokuwa imefungiwa ndani hutoka na kuing'oa magnesiamu hiyo, na kijani huelekea rangi ya zeituni, kisha kahawia. Magadi huizima asidi, ndiyo maana rangi hubaki. Mpaka hapo wanaoyatetea wako sahihi. Tatizo ni kwamba magadi hayakomi hapo. Huukata mkia wa klorofili unaoizuia isiyeyuke katika maji, ndipo rangi ikamwagika sufuriani. Huvunja pektini na nyuzi zinazoshikamanisha seli, ndipo mboga ikawa rojo. Tena huharakisha kuharibika kwa vitamini B1 na vitamini C. Hasara hii ya mwisho ndiyo inayostahili kuwakera watu, kwa sababu haionekani kwa macho. Gramu 100 za brokoli mbichi zina takriban miligramu 90 za vitamini C, mara mbili ya miligramu 45 ambazo FAO na WHO zinapendekeza kwa mtu mzima kwa siku. Familia iliyotoa pesa zaidi kununua brokoli badala ya kabichi, kisha ikaipika kwa magadi, imenunua lishe na kuiharibu kwa mkono wake, huku rangi inayong'aa kwenye sahani ikiwahakikishia kwamba wamepika vizuri. Kijani cha magadi si dalili ya uhai wa mboga.

Imani yenyewe si ya Kakamega peke yake, wala si ya juzi. Mkusanyiko wa mapishi ya Warumi unaobeba jina la Apicius unashauri mboga za majani zipikwe kwa soda asilia ili zipate rangi ya zumaridi, na soda hiyo ni ya jamii moja na magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado. Wapishi wa Ulaya walilirudia shauri hilo kwa karne nyingi. Warumi hawakukosea kuhusu rangi. Hawakujua kwamba kuna vitamini. Mpishi wa leo anajua, au ana mtoto shuleni anayejua, kwa hiyo udhuru wa Warumi haumfai.

Haya yote hayayafukuzi magadi jikoni. Mahindi makavu na maharagwe yaliyokaa ghalani msimu mzima yana maganda magumu, na kuyapika bila magadi kunaweza kula kuni za nusu siku. Hapo mpishi anapima hasara ya vitamini dhidi ya gharama ya kuni, na uamuzi wake una akili. Mrenda nao, pamoja na kunde na mitoo, umepikwa Magharibi ya Kenya kwa munyu wa majivu tangu zamani. Maganda ya maharagwe huchomwa, majivu yake huwekwa kwenye chombo chenye matundu, maji humiminwa juu, na yanayodondoka chini, ya rangi ya chai nyepesi, ndiyo munyu wenyewe. Utelezi unaotakiwa kwenye mrenda hauji vizuri bila munyu huo. Hiyo ni mboga inayotafutiwa ulaini na utelezi. Brokoli haitafutiwi chochote kati ya hivyo viwili. Ni shada la maua ambayo hayajachanua, shina lake limejaa maji, na ni mmea wa spishi moja na sukuma wiki, kabichi na koliflawa. Hakuna ganda la kulainisha, na hakuna kuni za kuokoa katika dakika sita. Tena magadi ya ziwani yana sodiamu, ambayo mwenye shinikizo la damu ameshaonywa nayo, na yana floridi, ambayo ikizidi utotoni huacha madoa ya kahawia kwenye meno. Mtu hujibebesha mizigo hiyo akiwa na sababu. Kwa brokoli, sababu haipo.

Kinacholinda kijani ni muda, basi. Katika dakika ya kwanza ya mvuke brokoli huongezeka kijani yenyewe bila msaada wa mtu, kwa kuwa hewa iliyojificha kati ya seli hufukuzwa na joto na rangi ya ndani huonekana wazi. Baada ya dakika saba hivi asidi huanza kushinda, rangi hufifia, na harufu ile ya salfa ambayo watu huilaumu kabichi huongezeka haraka. Mboga iliyotolewa jikoni kabla ya hapo haijawahi kuhitaji dawa ya rangi.

Dakika zenyewe hutegemea mahali. Iguhu, kandokando ya mto Yala, iko kati ya mita 1,400 na 1,600 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 za Selsiasi, si 100 kama Mombasa. Mvuke wake nao ni wa nyuzi 95. Maelekezo ya vitabu vingi yameandikwa kwa ajili ya miji ya pwani au nchi za tambarare, na yanaposema dakika nne, mpishi wa Iguhu huongeza moja au mbili. Kuchochea moto hakusaidii: maji yakishachemka hayapandi joto zaidi, yanakauka upesi tu. Sufuria ya presha ndiyo inayoweza kuvuka kiwango hicho, lakini kwa brokoli ni nguvu nyingi mno, kwani dakika moja ya ziada humo huisambaratisha.

Kuna pia wanaotaka maji ya kwanza yamwagwe. Desturi hiyo imetoka kwa managu na saga, ambazo huchemshwa na kumwagwa maji ili uchungu upungue, kisha hulazwa kwenye maziwa. Brokoli haina uchungu wa kumwaga. Dawa za wadudu nazo huoshwa kwa maji mengi yanayotiririka kabla ya moto. Kuzisubiri kwenye maji ya kuchemshia ni kuchelewa, na katika kupika kwa mvuke maji hayo hata hayaigusi mboga.

Kwa vitendo, mambo ni machache. Brokoli ya kununua ni ngumu, imefumbana, ya kijani cha kuiva; yenye vidoa vya manjano imeanza kuchanua, na ikikaa siku mbili bila friji itakuwa hivyo hivyo. Kichwa huloweshwa kichwachini kwenye maji ya chumvi dakika kumi, viwavi na vidukari watoke, kisha huoshwa. Vishada hukatwa kwa ukubwa mmoja. Shina humenywa ganda na kukatwa vipande vyembamba, halitupwi, na majani yake hupikwa kama sukuma wiki. Asiye na sufuria ya mvuke huweka chujio la bati juu ya sufuria, au hufudikiza bakuli la bati ndani ya maji na kuweka sahani juu yake, au hupanga vipande vya vikonyo vya majani ya mgomba kwenye kitako na kutandika jani juu, kama Waganda wanavyopika matoke. Maji yachemke kwanza. Mboga iingie baadaye. Mashina huwekwa chini, vishada juu. Mfuniko hufunguliwa mara moja baada ya dakika ya kwanza ili asidi inayopaa na mvuke itoke, kisha hufungwa. Dakika ya tano shina huchomwa kwa ncha ya kisu, kikipenya, imeiva. Hutolewa papo hapo na kutandazwa kwenye sahani pana, maana ikiachwa ndani ya sufuria iliyofunikwa inaendelea kupikika hata moto ukizimwa.

Chumvi hunyunyizwa wakati huo, pamoja na mafuta kidogo, kwa kuwa rangi ya manjano iliyojificha chini ya kijani, ile ambayo mwili huigeuza vitamini A, haifyonzwi vizuri bila mafuta. Samli inafaa. Kitunguu saumu kilichokaangwa kidogo kinafaa, na vilevile ufuta au karanga zilizopondwa. Ndimu hukamuliwa mezani, mtu akiwa tayari kula; ikikamuliwa mapema, asidi yake huifanyia rangi yale yale yaliyoogopwa tangu mwanzo. Nyanya ni hivyo hivyo, kwa hiyo mchuzi wa nyanya hupikwa kando na kukutana na brokoli kwenye sahani, karibu na ugali na omena. Koliflawa huongezewa dakika mbili, kabichi iliyokatwa vipande vikubwa tatu au nne, na sukuma wiki changa huiva kwa tatu hadi nne. Brokoli iliyobaki haipashwi tena kwa mvuke, kwa kuwa itakuwa rojo. Huliwa ikiwa baridi, au hukatwakatwa na kukorogwa kwenye mayai ya asubuhi.