Kiyoyozi Katika Hewa ya Chumvi

Kanuni isemayo kwamba kiyoyozi cha nyumbani kifanyiwe sevisi mara moja kwa mwaka ilizaliwa katika nchi zenye majira manne, ambako chombo hicho hufanya kazi miezi mitatu au minne ya kiangazi, kisha hupumzika wakati watu wanapowasha moto majumbani mwao kujikinga na baridi. Nayo kwa nchi hizo ni kanuni ya haki. Lakini ilipovuka bahari ndani ya sanduku moja na chombo chenyewe, ikafika Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, ambako hari haina likizo na vyumba vya kulala hupozwa usiku baada ya usiku, ilikuwa imekwisha kupoteza sababu yake, ingawa watu wameendelea kuitaja kwa heshima kama hati iliyotiwa muhuri. Mtu anayewasha kiyoyozi kwa saa 8 kila siku mwaka mzima hukitumikisha saa karibu 2,900, ilhali mwenziwe wa nchi ya baridi, akikiwasha saa hizo hizo kwa miezi mitatu, hafikishi hata 750. Kwa hiyo wa kwanza akingoja mwaka, amengoja miaka minne ya mwenziwe.

Hata hivyo saa za kazi ni nusu ya hesabu, na nusu ya pili ni maji. Willis Carrier, mhandisi kijana wa Kimarekani ambaye mwaka 1902 alibuni mtambo unaohesabiwa kuwa asili ya viyoyozi vya leo, hakuwa na nia ya kumburudisha mwanadamu yeyote. Alikuwa ameletewa shida ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ambako karatasi zilifyonza unyevu wa hewa, zikatanuka na kusinyaa, hata rangi moja ikakataa kulala juu ya nyingine mahali pake. Alichokifanya ni kuipitisha hewa juu ya mabomba baridi ili iyaache maji yake hapo, na kazi hiyo ya kuikamua hewa ndiyo ambayo mashine iliyo ukutani mwetu huifanya hadi leo sambamba na ile ya kupoza. Pwani, ambako hewa ya alfajiri aghalabu hukaribia ukomo wa unyevu iwezao kuuchukua, koili ya ndani haikauki usiku kucha: maji huteremka juu ya mapezi yake ya alumini, huanguka katika trei, hutoka nje kwa bomba, na kila chembe ya vumbi, uzi wa shuka na moshi wa jikoni uliopenya chujio hunasa katika unyevu huo na kugeuka tope. Tope hilo huota ukungu, ukungu huzaa uvundo unaomlaki mtu dakika za kwanza baada ya kuwasha, kisha utelezi wake huteremka na kuliziba bomba, na asubuhi moja mwenye nyumba huona maji yakitiririka ukutani akadhani chombo kimeharibika, kumbe hakikuoshwa tu.

Sehemu ya kwanza ya huduma, basi, haimhitaji fundi. Chujio huchomolewa kwa mkono, huoshwa kwa maji na sabuni kidogo, huanikwa kivulini kwa kuwa jua kali huipinda plastiki yake, na hurudishwa likiwa kavu. Kila wiki mbili wakati wa kaskazi au kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, kila mwezi kwa nyumba nyingine. Ni kazi ya dakika chache, na pengine wepesi wake ndio unaoifanya isiwe na mwenyewe, maana baba humdhania mama, mama humdhania kijana, na wote watatu humdhania fundi ajaye baada ya nusu mwaka.

Mashine ya nje ndiyo yenye taabu isiyoonekana. Ndani yake mna mabomba ya shaba yaliyopita katikati ya mamia ya mapezi ya alumini, na madini hayo mawili yanapogusana mbele ya maji ya chumvi huzuka baina yao mkondo mdogo wa umeme unaoila alumini taratibu. Mbali na bahari ulaji huo huenda polepole kiasi cha kutotiliwa maanani. Lakini katika nyumba za Nyali, Msasani au Nungwi, ambako upepo huleta manyunyu ya mawimbi hadi barazani, mapezi huweza kugeuka unga mweupe unaopukutika kwa kidole ilhali sehemu ya ndani ingali inang'aa kama siku ilipofungwa. Dawa yake ni nyepesi mno hata watu huidharau: aliye ufukweni aioshe mashine ya nje kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara moja kwa mwezi, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi yake kuu. Nayataja maji yasiyo na chumvi kwa kusudi, kwa sababu visima vingi vilivyochimbwa Dar es Salaam na Unguja hutoa maji ya chumvi, na nimepata kumwona mtumishi mwenye juhudi nyingi akiimwagilia mashine maji ya kisima kila wiki, akiifanyia bahari kazi yake. Wala maji hayo yasitoke katika pampu ya kuoshea magari, maana mapezi ni membamba mithili ya karatasi, na nguvu ya pampu huyalaza chini yakaziba njia ya hewa ambayo yaliwekwa kuifungua.

Ikiwa msomaji anataka hesabu ya miezi, nitampa hii, mradi aelewe kwamba mwenye kuamua ni mahali na matumizi kabla ya kalenda. Aliye ufukweni amwite fundi kila miezi mitatu. Aliye katika mji wa pwani lakini mbali kidogo na maji, akipoza chumba cha kulala tu, mara mbili kwa mwaka humtosha, na akipoza mchana na usiku aongeze ya tatu. Na yule wa Nairobi au Arusha, ambaye hukiwasha chombo majuma machache ya joto, anaweza kuifuata ile kanuni ya mwaka bila hasara. Wakati nao una maana yake. Huduma kuu ya mwaka hufaa ifanywe Oktoba au Novemba, kabla kaskazi haijatulia na joto la Januari hadi Machi halijafika, kwa kuwa Februari kila fundi wa mjini anatafutwa na watu kumi kwa wakati mmoja, naye hufanya haraka kwa wote. Ya pili ifuate baada ya masika, mvua zikiwa zimekwisha kulowesha vyote na kuvilea ukungu.

Na fundi akija, hufanya nini? Fundi wa kweli hufungua kifuniko, hutundika mfuko wa plastiki chini ya mashine ili maji machafu yasiharibu ukuta, huiosha koili kwa sabuni isiyo kali, na hulifikia lile feni refu la mviringo lililojificha nyuma yake, ambalo ndilo linalokusanya uchafu mwingi kuliko yote na ndilo linalosahauliwa zaidi. Husukuma maji katika bomba hadi yatoke safi upande wa pili, hutoka nje kuiosha koili ya pili, hukaza maungio ya nyaya, hupima kapasita na mkondo wa umeme, kisha hupima joto la hewa inayoingia na inayotoka, ambalo katika mashine nzima hupishana kwa nyuzi 8 hadi 12 hivi. Kazi hiyo huchukua saa nzima au zaidi. Aliyeimaliza kwa robo saa amepangusa kifuniko.

Lililobaki ni neno la gesi, nalo sharti lisemwe kwa kirefu, kwa kuwa fedha nyingi za watu wa pwani zimepotelea hapo. Fundi huuweka mkono mbele ya mashine, hutikisa kichwa kwa huzuni, na husema, "Mama, gesi imepungua, niongeze kidogo?" Swali linalofaa kurudishwa ni moja: "Imepungua imekwenda wapi, mwanangu?" Maana gesi ya kiyoyozi hailiki wala haiungui kama mafuta ya gari; huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, huchukua joto ndani, hulitua nje, na hurudi tena, na ikiwa mabomba ni mazima, kipimo kilichotiwa kiwandani huweza kudumu umri wote wa chombo. Iliyopungua imevuja, na palipovuja ni lazima patafutwe kwa povu la sabuni au kwa kifaa, aghalabu penye nati za maungio, pazibwe kwanza. Kisha hewa na unyevu vitolewe kwa pampu, na gesi iingizwe kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje. Gesi ya R-410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, inatakiwa kuingia ikiwa katika hali ya kimiminika, na fundi aijazaye kwa kukadiria bila mizani hajui alichokitia. Barafu iliyoganda juu ya bomba nayo si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa chujio lililoziba huleta barafu ile ile. Anayeikimbilia chupa ya gesi kabla ya kulitazama chujio ameanzia mwisho.

Uvujaji huo una hasara nyingine isiyoonekana katika risiti. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulianza kuzifunga gesi zinazolitoboa tabaka la ozoni, na R-22, iliyojaa katika viyoyozi vyetu vya zamani, ni miongoni mwa zilizofungwa baadaye. Kisha Oktoba 2016 mataifa yakakutana Kigali yakaongeza katika mkataba huo gesi zilizoshika nafasi yake, ambazo haziidhuru ozoni lakini huhifadhi joto angani kupita kiasi. Kilo moja ya R-410A, kwa kipimo cha miaka 100, hutenda sawa na zaidi ya tani 2 za hewa ya ukaa. R-32 ya mashine mpya ina karibu theluthi ya madhara hayo, lakini huweza kushika moto, na kwa hiyo sigara ya fundi ingoje nje ya ua.

Kuhusu umeme wetu sina haja ya kusema mengi: baada ya kukatika na kurudi, kompresa iachwe dakika tatu au zaidi kabla ya kuanza tena, na kifaa cha kuilinda ni rahisi kuliko kompresa. Kadhalika tundu za mashine ya nje zitazamwe kila huduma, kwa kuwa mijusi na sisimizi hupenda joto la vyombo vya umeme, na mjusi mmoja aliyelala juu ya bodi ya saketi ameshagharimu zaidi ya sevisi za miaka miwili. Ama kwa afya, wanaoogopa kwamba kiyoyozi cha nyumbani kitawaletea ule ugonjwa wa mapafu uliowaua watu Philadelphia mwaka 1976 watulie, maana huo huenezwa hasa na minara ya kupozea maji ya majengo makubwa. Ila mwenye pumu asiuvumilie ukungu wa chumbani kwake.

Zipo mashine zinazoikaribia siku ambayo hakuna zamu ya huduma itakayozifaa tena. Matumizi ya R-22 katika nchi zetu yamepangiwa kukoma mwaka 2030, ikibaki akiba ndogo ya matengenezo kwa miaka kumi baadaye, na bei ya gesi inayoadimika haishuki. Mwenye mashine ya namna hiyo, koili yake ikiwa nzima, aendelee kuiosha kwa zamu ile ile. Lakini ikivuja mara ya pili, fedha ya kuijaza aiweke katika mfuko wa mashine mpya, na siku ya kuifunga amwambie fundi aitundike sehemu ya nje upande wa ukuta usioelekea bahari.