MAJI YALIYOTAKATA SI LAZIMA YAWE SALAMA

Mvua kubwa zinapoanza kunyesha, mto hubadilika. Jana maji yalikuwa meupe. Leo yana rangi ya udongo. Mama hana mahali pengine pa kuchota. Hujaza ndoo yake, huweka majani juu ili maji yasimwagike, kisha hujitwisha mpaka nyumbani. Jioni mtoto analia kiu. Je, ampe maji hayo?

Majirani wana mashauri mengi. Wa kwanza husema, "Mama, yaache yatuame, kisha mpe ya juu." Wa pili husema, "Tia majani ya mchaichai, yatanukia vizuri." Wa tatu husema, "Twanga mbegu za mlonge." Wa nne husema, "Chemsha tu. Moto humaliza kila kitu."

Ndugu msomaji, katika mashauri hayo manne umo ukweli na yamo makosa. Kosa moja laweza kumletea mtoto ugonjwa wa kuhara. Kuhara humaliza maji mwilini, na mtoto mdogo aweza kufa kwa siku chache. Kwa hiyo tuyapime mashauri hayo, moja baada ya jingine. Wataalamu wa kemia wametusaidia kuyapima.

MAADUI WATATU NDANI YA NDOO

Mtaalamu wa kemia huchunguza vitu vimetengenezwa na nini. Huchunguza majani, udongo, maji na dawa. Akiletewa maji, haridhiki kwa kuyatazama tu. Huyapima.

Katika maji mabaya wamo maadui watatu.

Adui wa kwanza ni tope. Huyu twamwona kwa macho.

Adui wa pili ni vijidudu vya magonjwa. Huyu hatumwoni. Hutoka katika kinyesi cha watu na wanyama. Huleta kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo.

Adui wa tatu ni madini na sumu zilizoyeyuka, kama chumvi inavyoyeyuka katika mchuzi. Huyu pia hatumwoni, na mara nyingi hana harufu.

Kila adui ana silaha yake. Ukitumia silaha ya adui mmoja kumpiga mwingine, hutashinda.

HARUFU NZURI HAIUI VIJIDUDU

Tuanze na majani yanayonukia. Mchaichai, kivumbasi, mkaratusi na karafuu vina mafuta ya namna ya pekee. Mafuta ya nazi ukiyadondosha kwenye karatasi huacha doa. Mafuta haya yenye harufu hupaa hewani kama mvuke. Ndiyo maana ukifikicha jani la mchaichai harufu hufika puani mara moja.

Mafuta hayo hupatikana kwa mvuke. Majani huwekwa katika pipa lililofungwa, na mvuke wa maji ya moto hupitishwa ndani yake. Mvuke hubeba mafuta. Ukipozwa hurudi kuwa maji, na mafuta hujitenga. Kisiwani Pemba kiko kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo ya karafuu kwa njia hiyo. Mafuta mengi huelea juu ya maji, lakini mafuta ya karafuu ni mazito, hivyo huzama chini.

Katika maabara, baadhi ya mafuta hayo yameonekana kuua vijidudu. Lakini hapo mafuta ni makali na kipimo chake kinajulikana. Majani machache ndani ya ndoo hutoa mafuta kidogo sana, na mafuta hayachanganyiki vizuri na maji. Maji yatanukia, lakini vijidudu vitabaki.

Wala usitie mafuta makali ya chupa katika maji ya kunywa. Mafuta ya karafuu au ya mkaratusi, hata kijiko kimoja, yaweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo. Yaweke mbali na watoto.

Chai ya mchaichai ni nzuri kwa sababu maji yake yamechemshwa. Majani huleta ladha, na kazi ya kuua vijidudu hufanywa na moto.

MBEGU ZA MLONGE HUONDOA TOPE

Shauri la mlonge lina ukweli mkubwa. Nchini Sudan, wanawake wa vijijini kando ya mto Naili walitumia mbegu za mti huu kusafisha maji ya mafuriko. Katika miaka ya 1970 mtafiti Samia Al Azharia Jahn alichunguza kazi yao, na mwaka 1981 kilichapishwa kitabu chake juu ya njia za asili za kusafisha maji. Hivyo mtaalamu wa maabara alijifunza kutoka kwa kina mama wenye mitungi.

Mbegu hufanyaje kazi? Chembe za udongo katika maji ni ndogo mno. Kila moja ina nguvu kidogo ya umeme, na zote ni za aina moja. Kwa hiyo husukumana, hazishikamani, na hazizami upesi. Mbegu ya mlonge ina protini yenye nguvu ya umeme ya aina nyingine. Protini hiyo huzivuta chembe na kuzikusanya. Hufanya madonge, na madonge huzama. Shauri la jirani wa kwanza, la kuyaacha maji yatuame, hufanya kazi hiyo pia, lakini polepole, na chembe ndogo hubaki.

Fanya hivi kwa ndoo ya lita 20:

1. Chukua mbegu zilizokomaa na kukauka mtini. Ondoa maganda. Kokwa nzuri ni nyeupe. Tupa zile nyeusi.

2. Kwa maji yenye tope la wastani, tumia kokwa 10. Kwa maji yenye tope jingi, tumia kokwa 20 mpaka 40.

3. Twanga ziwe unga laini. Unga ukikaa hupungua nguvu, basi twanga za siku hiyo tu.

4. Koroga unga katika kikombe cha maji safi kwa dakika 5. Chuja kwa kitambaa safi, na maji yake yaingie katika ndoo.

5. Koroga ndoo kwa nguvu dakika 2. Kisha koroga polepole dakika 10 mpaka 15.

6. Funika. Acha saa moja mpaka mbili bila kuitikisa. Tope litazama.

7. Mimina maji ya juu polepole katika chombo kingine kilicho safi, ukiyachuja kwa kitambaa safi.

Tope linapozama, huzama na vijidudu vingi. Katika kila vijidudu 100, vyaweza kuondoka 90 mpaka 99. Lakini usidanganyike. Vilivyobaki vyaweza kuzaana tena, kwa sababu mbegu huacha chakula chao ndani ya maji. Kwa hiyo maji ya mlonge yasilale zaidi ya siku moja, na ni lazima yachemshwe kabla ya kunywewa.

MOTO HUUA VIJIDUDU

Jirani wa nne amesema kweli kuhusu vijidudu. Chemsha maji mpaka yatokote kabisa, yakitoa mapovu makubwa, kwa dakika moja. Wanaoishi milimani, mita 2,000 au zaidi, wachemshe dakika 3. Huko juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha.

Kisha yapoze na kuyahifadhi katika mtungi safi wenye kifuniko. Chota kwa kata yenye mpini mrefu. Mkono mchafu ukiingia mtungini, kuni zako zimepotea bure.

Mlonge huondoa tope. Lakini hauchukui nafasi ya moto.

ADUI ASIYEOGOPA MOTO

Hapa ndipo jirani wa nne alipokosea. Moto haumalizi kila kitu. Madini yaliyoyeyuka hayafi, kwa sababu hayana uhai. Ukichemsha, maji hupungua na madini hubaki. Kwa hiyo huzidi kukolea.

Mfano ni floraidi. Madini haya yamo kwa wingi katika maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa, na katika mikoa kama Arusha. Maji yake yaweza kuwa meupe kama kioo. Hayana ladha mbaya. Lakini mtoto akiyanywa miaka mingi, meno hupata madoa ya kahawia. Yakiwa mengi sana, mifupa hudhurika na miguu yaweza kupinda. Meno na mifupa iliyokwisha haribika hairudi kama ilivyokuwa. Shirika la Afya Duniani limeshauri kiasi kisizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Mlonge hauwezi kuyaondoa ya kutosha, na mchaichai hauwezi kabisa.

Pale Ngurdoto, mkoani Arusha, wataalamu wametengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo hunasa floraidi. Lakini mifupa huchomwa kwa kipimo maalumu. Usijaribu kuichoma mwenyewe nyumbani, maana mifupa isiyoiva huharibu maji. Mkaa nao hujaa, na lazima ubadilishwe.

Sumu za mashambani ni adui wa namna hii. Dawa ya wadudu ikimwagwa karibu na kisima, hupenya ardhini. Usioshe bomba la kupulizia dawa mtoni, wala usichotee maji kopo lililokuwa na dawa.

TUNZA UDONGO, UTATUNZA MAJI

Udongo ni chujio letu la kwanza. Penye majani na miti kando ya mto, mvua huingia ardhini taratibu. Palipofyekwa, mvua huchukua udongo mpaka mtoni, na tope huongezeka. Kwa hiyo usilime mpaka ukingoni mwa mto. Choo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na kiwe upande wa chini wa mteremko.

Kabla kijiji hakijaanza kutumia kisima kipya, maji yapimwe. Kazi hii haifanyiki kwa macho. Zungumzeni na chombo chenu cha watumiaji maji. Kipeleke ombi kwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi mwaka 2019. Ulizeni matokeo, tena yasomwe katika mkutano wa kijiji.

Sasa turudi kwa mama na ndoo yake. Tope aliondoe kwa mlonge. Vijidudu aviue kwa moto. Madini yaliyojificha yapimwe na mtaalamu. Mchaichai autie kwenye chai.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini maji ya mlonge ni lazima yachemshwe?
2. Ni adui gani huzidi kukolea maji yakichemshwa?
3. Je, maji ya kijiji chetu yamewahi kupimwa? Tufanye nini ili tujue?